Mkaguzi Kaja, Mbavu Zangu Zimekwisha!

Rafiki yangu, popote ulipo, acha unachokifanya. Kama unachuma kahawa, tua kikapu. Kama uko prepu na umeficha gazeti ndani ya kitabu cha Hisabati, funga vyote viwili unisikilize, maana nina jambo na siwezi kukaa kitako. Sauti imenikauka. Mbavu zinauma kushoto na kulia. Mashavu yamechoka, yamechoka hasa, kumbe mashavu nayo huchoka! Tumemaliza kusoma Mkaguzi Mkuu wa Serikali darasani, ule mchezo wa Nikolai Gogol uliotiwa katika Kiswahili na Christon Mwakasaka, na tangu nijue kusoma sijawahi kuchekeshwa na karatasi namna hii. Karatasi kuukuu, isiyo na picha hata moja, na bado!

Nikwambie kwanza tulikuwa wapi ndipo uelewe. Sisi ni Kidato cha Tatu, shule ya bweni ya wavulana, kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, huku upande wa Runyenjes ambako Julai ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Tamthilia yetu ya mtihani ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Nzuri, tena nzuri sana, siipunguzii hata chembe, lakini nzito jamani: mama anaugua, baba analewa, na sisi tunapigia maudhui mstari kwa kalamu nyekundu huku nyuso tumezikunja. Halafu jirani yetu mkubwa katika fani hii, Kithaka wa Mberia wa kule Tharaka, yeye naye katuandikia Kifo Kisimani. Soma jalada tu! Basi kwa darasa letu tamthilia ilikuwa mahali pa heshima ambapo watu huingia kuumia, kisha wewe unaulizwa sifa za mhusika na umuhimu wake.

Ndipo Mwalimu wetu wa Kiswahili akaingia amekumbatia katoni. Akaitua mezani pu! Vumbi likaruka, jamaa wa deski za mbele wakaanza kupiga chafya kwa zamu. Vitabu vya stoo, vya miaka hiyo. Akatamka maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwa mwalimu yeyote, kwamba hiki hakitahiniwi, ni cha kujifurahisha tu, na tutakisoma kwa sauti tukiwa tumesimama. Aisee! Meza zilipigwa mpaka darasa la jirani wakadhani tumefungiwa shule.

Na kukishika tu! Chepesi, jalada limelainika kwa kushikwashikwa, pembe zimejikunja, kurasa zimegeuka manjano. Ukikifungua kinakwaruza, na harufu yake ni chaki kidogo, panya kidogo, na unyevu wa masika mengi. Halafu cha kwangu, we! Cha kwangu kilikuwa na maandishi ya penseli pembeni mwa ukurasa, mwanafunzi fulani wa zamani, sijui sasa ni mzee wa wapi, alikuwa ameandika HA HA HA. Hakuna maelezo, hakuna tanbihi, hakuna jina. Nikasema huyu ni ndugu yangu. Baadaye nilipofika ukurasa ule kwa kusoma mwenyewe, nikajikuta nami nimetoa penseli.

Sasa sikiliza kisa. Mji mdogo wa Urusi, mbali na kila kitu, mbali kiasi kwamba mkuu wa mji anadai ukipanda farasi ukatimua mbio miaka mitatu hutafika nchi nyingine. Na mji umeoza, umeoza kwa raha zake! Hospitalini wagonjwa ni wachafu na wanavuta tumbaku kali ya kuliza macho. Mahakamani bawabu anafuga mabata bukini, wanapita na watoto wao katikati ya miguu ya watu waliokuja kutafuta haki. Hakimu anapokea rushwa ya watoto wa mbwa wa kuwindia na kujiona msafi kabisa kwa sababu si pesa. Mkuu wa posta anafungua barua za watu wote, anazisoma, zilizo tamu anazihifadhi. Shuleni kuna mwalimu wa historia ambaye akimfikia Alexander Mkuu hupandwa na jazba, akavunja kiti. Kiti cha serikali! Na katikati ya raha yote hiyo inaingia habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka Petersburg, kwa siri, bila kujitambulisha, na mkuu wa mji anasema eti alijua tu, usiku uliopita ameota panya wawili weusi, wakubwa kupita kiasi, wakaja, wakanusanusa, wakaenda zao.

Hapo hatukuhitaji maelezo ya mwalimu. Msomaji wangu, kama umelala bweni lolote kuanzia Maua mpaka Siakago, unajua mkaguzi akisikika anakuja ni nini hutokea. Maharagwe yanaongezeka kwenye githeri ghafla. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, kila jiwe, hata yale ya nyuma ya jiko ambayo hakuna binadamu huyaona. Balbu iliyokufa tangu muhula uliopita inafufuka. Ndiyo maana ilipofika sehemu ambapo mkuu wa mji anaagiza wagonjwa wavalishwe kofia safi za kulalia, na ikiwezekana idadi yao ipunguzwe isije ikaonekana daktari hajui kazi, darasa zima lilicheka kwa pamoja, kicheko kimoja kinene chenye kelele za kugonga deski, na Mwalimu akageukia ubao tusimwone uso. Mabega yalimsaliti! Yalikuwa yanaruka!

Ukaja wakati wa kugawana wahusika. Vita! Kila mtu anamtaka Khlestakov, yule kijana anayedhaniwa ndiye mkaguzi. Akapewa jamaa mmoja wa Igembe mwenye shingo ndefu na ulimi usiopumzika, na hakuna uchaguzi wa haki zaidi uliowahi kufanyika katika kaunti za Embu na Meru. Mkuu wa mji akapewa nahodha wetu wa raga, kifua hiki, sauti hii. Mimi nikaangukia Bobchinsky. Nikanuna, sikufichi. Bobchinsky ni kabwana kafupi, kanene, kambea, ambaye kila mara yuko na mwenzake Dobchinsky, kafupi, kanene, kambea vilevile, na wote wawili wanaitwa Pyotr Ivanovich! Sasa chukua majina hayo, wape watoto wa mlimani. Siku ya kwanza nilikuwa Mbombchinsky. Mwenzangu, mtoto wa Kyeni, alikuwa Ndombchinsky. Tulipoingia tukikimbia, tunahema, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kutoa habari, majina yakagongana mdomoni, mate yakaruka, na hatukuweza kuendelea. Haki ya nani, dakika nzima hakuna aliyesema neno.

Na ujue ni kwa nini hao wawili wanaamini yule kijana ni mkaguzi. Kwa sababu alipita gestini walipokuwa wanakula samaki akachungulia sahani zao. Basi! Huo ndio ushahidi! Mtu anayechungulia sahani za watu ni lazima ametumwa na serikali!

Kumbe maskini ana njaa. Nakwambia njaa yenyewe yenyewe. Khlestakov ni karani wa cheo cha chini kabisa, amecheza kamari njiani akanyonyolewa pesa zote, amekwama gestini, deni limempita kichwa, mwenye gesti amekataa kumpikia. Mtumishi wake Osip amejilaza juu ya kitanda cha bwana wake akiongea na tumbo lake. Mwishowe wanaletewa supu, na Khlestakov anaitukana ile supu, anasema ni maji matupu yenye manyoya yanayoelea, na huku anaitukana huku anaila, anaila, anaimaliza! Jamaa wa Igembe aliigiza kwa kikombe cha plastiki cha uji wa saa nne uliokwisha kupoa. Uji ulimtiririka kidevuni. Tulilia.

Lakini ngoja. Ngoja kwanza. Yote hayo ni mwanzo tu, na bado! Mkuu wa mji anakwenda gestini kumsalimu mkaguzi. Anatetemeka. Ndani, Khlestakov anasikia mkuu wa mji yuko mlangoni, naye anatetemeka, anajua kaja kumtia korokoroni kwa sababu ya deni. Wanasimama uso kwa uso, wote wawili wamejaa hofu mpaka pomoni. Kijana anapiga kelele za woga, anatisha kwamba atamshtaki kwa waziri. Mkuu wa mji anasikia kelele za mamlaka. Mkuu wa mji anajitetea kwa makosa ambayo hakuna aliyemuuliza. Kijana hamwelewi hata kidogo. Kijana anaomba akopeshwe ruble 200 alipe deni, mkuu wa mji anamtilia 400 mkononi huku moyo umemtulia, maana mkaguzi anayepokea ni mkaguzi anayezungumzika! Hakuna anayedanganya, umeona? Hapo bado hakuna hata mmoja aliyedanganya. Hofu peke yake imefanya kazi yote. Nilihisi nywele za kisogoni zinasimama kwa utamu wa jambo hilo.

Na mimi muda wote huo niko nyuma ya mlango nadukiza, ndivyo kitabu kinavyoagiza, na kwenye mstari unaotakiwa mlango unang'oka naye Bobchinsky anaanguka nao ndani, pua chini. Mlango wa darasa letu, nao, una bawaba zilizokwisha kuchoka na maisha. Nikajiegemeza kiasi. Kiasi tu! Nilivyotua sakafuni, nikanusa nta ya sakafu, nikasikia kelele zimelipuka juu yangu kutoka kila upande, nikajua sasa kwamba sitaki kuwa Khlestakov tena, sitaki kuwa mkuu wa mji, nipeni Bobchinsky mpaka kufa. Mwalimu wa zamu alikuja kuuliza nani amevunja nini. Mwalimu wetu akamjibu kwa uso mkavu kabisa kwamba ni fasihi.

Kisha uongo. Mama yangu, ule uongo! Khlestakov ameshibishwa, amenyweshwa mvinyo, amezungukwa na wakubwa wote wa mji pamoja na mke na binti wa mkuu wa mji, anaanza kujisifu kidogo. Anaanza padogo, kwamba yeye si karani wa kunakili tu. Hakuna anayempinga. Basi uongo unaanza kuumuka kama unga wa mandazi uliosahauliwa kando ya jiko: supu yake huletwa kwa meli kutoka Paris, tikiti maji la karamu yake ni la ruble 700, Pushkin ni rafiki yake wa kutaniana, vitabu vilivyoandikwa na wengine ameviandika yeye, idara nzima iliwahi kukosa mkuu na wajumbe 35,000 wakatawanywa mabarabarani kumtafuta yeye aje aiongoze. Elfu thelathini na tano! Jamaa wa Igembe alipanda kiti, kutoka kiti akapanda deski, sauti inapanda naye, anatembea juu ya madeski yetu na soksi zilizotoboka, anatutemea amri, na sisi wakubwa wa mji kwa chini tunainama, tunakunja mabega, tunasema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Na nikajikuta, hebu sikia hili, nikajikuta naogopa kweli! Namjua huyu mtu. Nimemkopesha sabuni. Najua hajawahi kuvuka Thika. Lakini alivyonitazama kutoka juu ya deski, goti langu lilicheza lenyewe.

Hebu nishushe pumzi nikupe habari za nje kidogo, maana Mwalimu alituchomekea katikati ya vicheko na sikutaka zinipite. Gogol alizaliwa Ukraine mwaka 1809, na mchezo huu ulipopanda jukwaani Petersburg mwaka 1836 alikuwa hajafika hata miaka 30. Wazo aliomba kwa Pushkin, yule yule mshairi ambaye Khlestakov anajidai rafiki yake. Alimwandikia barua kumwomba kisa cha kuchekesha, na inasimuliwa kuwa Pushkin mwenyewe alikuwa amewahi kudhaniwa mkaguzi safarini. Na mfalme wa Urusi, Tsar Nicholas wa Kwanza, alikuwamo ukumbini siku ya kwanza. Hebu fikiria jasho la wale waigizaji! Wanaigiza mkaguzi mbele ya bwana wa wakaguzi wote!

Na Wakenya je? Na sisi tumo! Miaka ya 1950 wanafunzi wa Alliance, wavulana wa umri huu huu wetu, walikuwa wakiandika na kuigiza vichekesho vyao kwa Kiswahili. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria ilizaliwa hapo. Mwanafunzi! Kidato! Tamasha la kitaifa la maigizo lilipokuja Embu mwaka 2024, tulijazana tukishangaa waigizaji wanaotoka mbali, na wakati wote huo katoni ilikuwa imelala stoo yetu, hatua chache kutoka bwalo. Nikifikiria hilo naweza kupiga kelele.

Haya, turudi. Turudi kwenye chai. Unajua chai ninayosema. Wakubwa wa mji wanaingia mmoja mmoja kwa mkaguzi, kila mmoja ameshika noti, kila mmoja hajui zitokeje mfukoni ziingie mfuko ule mwingine bila aibu. Hakimu anatetemeka mpaka pesa zinamponyoka sakafuni. Khlestakov anaziokota, anauliza kwa upole kama anaweza kukopeshwa. Kukopeshwa! Basi anapata dawa. Kila anayeingia anakopwa, kwa sauti ile ile, na kila anayetoka anatoka amefurahi kwa kuibiwa. Kwa marudio hayo mimi nilidhani tutachoka. Wapi! Kila mara tulijua kinachokuja na kila mara kilichekesha zaidi, kwa sababu tulikuwa tunakingojea tukiwa tumeuma midomo. Ilipofika zamu yetu sisi Pyotr Ivanovich wawili, tulikung'uta mifuko yote, tukaunganisha vilivyopatikana, ruble 65. Aibu iliyoje!

Halafu Bobchinsky anaomba jambo. Nilikuwa nimeusoma mstari huo peke yangu usiku na ukanipita. Darasani, kwa sauti, ulinishika koo. Kabwana kale kanamwomba mkaguzi kwamba akirudi Petersburg, awaambie wakubwa wote, na hata akimwona mfalme amwambie, kwamba katika mji fulani anaishi Pyotr Ivanovich Bobchinsky. Basi. Hataki cheo, hataki pesa. Anataka wajue tu kwamba yupo. Watu walicheka, na nilitaka wacheke, nilikuwa nimeuvuta ule mstari makusudi ili wacheke. Lakini rafiki, mimi ni mtoto wa mlimani, nimeona misafara ya wakubwa ikipita barabara ya Embu kwenda Meru na vioo vimepandishwa, na sisi kando na sare zetu tunapunga mikono. Nilipokaa chini masikio yalikuwa ya moto.

Kasoro? Ipo. Mke na binti wa mkuu wa mji wamepewa kazi ya kugombea nguo na kumgombea mgeni, basi. Khlestakov anampigia goti binti, mama akiingia anampigia mama, binti akirudi anarudi kwa binti, kizunguzungu! Inachekesha, tena sana, hasa mama akiwa ni jamaa wa Nkubu aliyefunga sweta kichwani na ndevu zimeanza kuchomoza. Ila ningependa mmoja wao angalau awe na akili ya kumshtukia yule kijana. Osip mtumishi ameshtuka mapema, ndiye anayemshauri bwana wake waondoke kabla mambo hayajaharibika. Kwa nini si mama? Nilimuuliza Mwalimu. Akasema niandike mchezo wangu. Nimeanza! Nina ukurasa mmoja na nusu!

Sasa jikaze, tumefika mwisho, na mwisho huu ni... ah, sijui niuwekeje. Khlestakov ameondoka na farasi bora wa mji na pesa za kila mtu. Mkuu wa mji anasherehekea, binti keshachumbiwa na Khlestakov, mkwe wake atakuwa mkubwa wa Petersburg, tayari anawaza cheo cha jenerali. Mara mkuu wa posta anaingia na barua. Amefungua barua ya mkaguzi, udadisi na mazoea ya kazi! Na ndani ya barua Khlestakov anamsimulia rafiki yake jinsi wapumbavu hawa walivyomdhania mtu mkubwa. Mwalimu alituandikia barua yenyewe kwenye karatasi, ikawa inapita mkono kwa mkono, na kila anayesoma anawasoma wenzake kwa sauti kubwa, mpaka anapofikia jina lake mwenyewe. Hapo ghafla mwandiko hausomeki! Anadai wino umefifia! Mwenzake anamnyang'anya, anasoma kwa furaha kwamba huyo ni nguruwe aliyevaa kofia, anaendelea, na mwingine anajikuta yeye ndiye ananuka vitunguu. Karatasi ilichanika. Tulikuwa tumelala juu ya madeski. Nahodha wa raga alitugeukia sisi watazamaji kwa hasira, akatuuliza tunacheka nini, akasema tunajicheka wenyewe, ni maneno ya kitabu lakini kidole chake kilikuwa kimenyooka kweli, na kicheko kikakatika nusu, kikaanza tena upande wa dirishani.

Na hapo askari anaingia, anatangaza mkaguzi wa kweli amefika, yuko gestini, anawaita.

Na bado! Hakuna neno linalofuata. Hakuna! Gogol ameagiza kila mtu agande alivyo, mdomo wazi, mkono hewani, kwa karibu dakika moja na nusu. Mwalimu akatoa saa. Wewe umewahi kuganda dakika moja na nusu? Jaribu sasa hivi, nitakusubiri. Mimi na Dobchinsky tulikuwa tumeinuliana mikono, tumekodoleana macho, tumeachama. Sekunde za kwanza ni mzaha. Kisha bega linaanza kuwaka. Jicho linakauka. Pua ya mwenzangu ikaanza kucheza na nilijua nikimwangalia nimekwisha, na siwezi kuangalia kwingine. Kicheko kiko tumboni, kinapanda, unakimeza, kinapanda. Halafu katikati hapo, sijui saa ilikuwa imefika wapi, kicheko kikatoweka chenyewe. Nikawa nasikia kuni zinapasuliwa jikoni. Nikawaona wenzangu wote, wakubwa wa mji, wamesimama na hatia zao usoni, hakuna pa kwenda, na tumbo langu likawa baridi kabisa. Kwa mchezo wa kuchekesha! Mchezo ule ule! Nani alimfundisha mtu huyu kufanya hivyo?

Baadaye Mwalimu alituambia kwamba Gogol, watu walipolalamika eti mchezo wake hauna hata mhusika mmoja mwema, aliandika kwamba yumo mmoja na hakuna aliyemtambua, naye ni kicheko. Jamaa wa nyuma akauliza kama kicheko kinaweza kuulizwa sifa zake kwenye mtihani. Ndipo hapo tulipoanza kucheka upya.

Basi sikia ninachotaka ufanye. Usikisome peke yako kitandani, tafadhali, nakusihi, utakiharibu. Peke yangu nilitabasamu tu na ule mstari wa Bobchinsky ukanipita kavukavu. Tafuta nakala, uliza mwalimu wako wa Kiswahili, chungulia stoo, chungulia maktaba za Embu na Meru, uliza wajomba waliosoma zamani. Ukiipata kusanya watu, wengi kadiri ya watakaoenea chumbani, mgawane majina, simameni, msome kwa sauti kubwa mpaka jirani aje kuuliza. Wekeni viti visivyo vya thamani. Na mkianza kugombea wahusika, waachie wengine Khlestakov, waachie mkuu wa mji na kifua chake. Wewe chukua Bobchinsky.